Kipandauso na chupa ya mafuta: uchambuzi wa jaribio la Chapel Hill

Watu 182 waliojiunga na jaribio la lishe katika Chuo Kikuu cha North Carolina, mjini Chapel Hill, Marekani, walikuwa wakiumwa kichwa wastani wa siku 16 hivi kila mwezi. Ukizitawanya saa zao za maumivu kwenye siku zote za mwezi, unapata zaidi ya saa tano kwa siku. Asilimia 88 walikuwa wanawake. Wastani wa umri ulikuwa miaka 38, umri ambao mtu ana watoto wa kulea, kazi ya kulinda na wazazi wanaoanza kumtegemea. Theluthi mbili yao walitimiza vigezo vya kipandauso sugu, yaani kuumwa kichwa siku 15 au zaidi kwa mwezi kwa zaidi ya miezi mitatu, huku angalau siku nane kati ya hizo zikiwa na sura ya kipandauso: kichwa kugonga, mara nyingi upande mmoja, kichefuchefu, kuukimbia mwanga na kelele.

Jaribio liliendeshwa kati ya 2014 na 2018, na washiriki waliendelea na matibabu yao kama kawaida. Kilichobadilishwa kwa wiki 16 ni aina ya mafuta katika chakula chao. Matokeo yalichapishwa na jarida la kitabibu la BMJ mwaka 2021, na habari iliyosambaa baada ya hapo ilikuwa fupi: samaki anapunguza kipandauso. Si uongo. Ila habari hiyo imeacha nje nusu ya kisa, nayo ndiyo nusu inayomhusu zaidi mtu anayekaangia mafuta ya alizeti kila siku. Imeacha pia jambo lisilopendeza, kwamba kwa kipimo kikuu cha maisha ya mgonjwa, ambacho watafiti wenyewe walikitangaza kabla ya kuanza, jaribio halikufaulu.

Njia kutoka sufuriani hadi kwenye neva

Kuna familia mbili za asidi za mafuta ambazo mwili hauwezi kuzianzisha wenyewe, kwa hiyo ni lazima zitoke kwenye chakula: omega-6 na omega-3. Katika omega-6, inayoliwa kwa wingi ni asidi linoleiki, ambayo imejaa katika mafuta ya alizeti, mahindi, soya na pamba. Katika omega-3 kuna ile ya mimea, kama ya mbegu za chia na kitani, na kuna EPA na DHA, zinazopatikana hasa kwa samaki wenye mafuta. Mwili huweza kuigeuza ile ya mimea kuwa EPA na DHA, lakini kwa kiasi kidogo sana, ndiyo maana watafiti wa maumivu huzungumzia samaki na si chia.

Asidi hizi haziishii kuchomwa kama nishati. Sehemu yake hujengwa ndani ya utando unaozunguka seli na kukaa humo. Seli ikijeruhiwa au kuchokozwa, vimeng'enya huzichomoa na kuzigeuza kuwa kemikali za kupeleka ujumbe. Asidi linoleiki huweza kugeuzwa kuwa asidi arakidoniki, na kutokana na hiyo hupatikana prostaglandini, kemikali zinazofanya neva za maumivu ziwe nyepesi kushtuka. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba aspirini hufanya kazi kwa kuzuia utengenezaji wa prostaglandini. Mwaka 1982 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Sune Bergström na Bengt Samuelsson. Kila anayemeza aspirini, ibuprofeni au diklofenaki, basi, anaziba mfereji huku chini. Swali la watu wa Chapel Hill lilikuwa kama inawezekana kupunguza maji kule juu yanakotokea.

Njia ya pili imeeleweka baadaye. Mwaka 2009 watafiti wa San Antonio, Texas, walionyesha kwamba asidi linoleiki ikioksidishwa mwilini hutoa vitu vinavyoamsha TRPV1, kipokezi kile kile cha neva kinachotufanya tuhisi moto wa pilipili. (Aliyekigundua kipokezi hicho, David Julius, alikuwa mmoja wa washindi wawili wa Nobel ya tiba mwaka 2021.) Mwaka huo huo wa 2021 watafiti wa San Antonio walirudi na kazi nyingine: panya waliolishwa omega-6 nyingi walikuwa wepesi zaidi wa kuhisi maumivu, na kwa wagonjwa wa kisukari ambao neva zao zimeharibika, wingi wa lipidi za omega-6 kwenye ngozi uliendana na ukali wa maumivu yao. Kuendana si kusababisha, lakini pamoja na panya, picha inaanza kuonekana.

Omega-3 za samaki hugombania vimeng'enya hivyo hivyo. Zikishinda, kinachotoka ni familia nyingine ya kemikali, zikiwemo resolvini, ambazo kwa wanyama wa maabara hutuliza uvimbe na maumivu. Moja ya vitangulizi vya resolvini hutengenezwa kutokana na DHA na huitwa 17-HDHA. Likumbuke jina hilo, maana ndilo lililopimwa katika damu ya washiriki.

Jaribio la kwanza, 2013

Chapel Hill hawakuanzia sifuri. Mwaka 2013 kundi hilo hilo, likiongozwa na Christopher Ramsden wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, lilichapisha jaribio dogo la watu 67 wenye maumivu ya kichwa ya kila siku. Makundi yote mawili yalipunguziwa omega-6. Tofauti ilikuwa kwamba kundi moja liliongezewa na omega-3 za samaki. Baada ya wiki 12, waliopunguza omega-6 tu walikuwa wamepungukiwa na siku 4 za maumivu kwa mwezi. Waliopunguza omega-6 na kuongeza samaki walipungukiwa na siku 8.8. Kwenye dodoso la athari za maumivu, kundi la kwanza lilishuka pointi 2.1 na la pili 7.5.

Ni matokeo makubwa, makubwa kiasi cha kumtia shaka mtafiti yeyote mwenye busara. Watu 67 ni wachache. Hapakuwa na kundi lililokula kama Mmarekani wa kawaida, kwa hiyo zile siku 4 za kundi la kwanza zingeweza kuwa kazi ya kupunguza mafuta, au kazi ya kuhudumiwa na mtaalamu wa lishe kwa miezi mitatu, au kichwa kujipungukia chenyewe kama kinavyofanya mara nyingi mtu akijiunga na utafiti wakati yuko katika hali mbaya kuliko zote. Uzuri wa kazi hii ni kwamba walilijua hilo na wakapanga jaribio la pili ili kulijibu.

Vijiko na gramu

Safari hii makundi yalikuwa matatu, na mtu alipangwa kwa bahati nasibu. Kundi la ulinganisho, watu 60, lilikula mafuta kwa viwango vya Mmarekani wa kawaida: asidi linoleiki takriban asilimia 7 ya nishati yote ya chakula, na EPA na DHA chini ya miligramu 150 kwa siku. Kundi la pili, watu 61, lilibaki na asilimia 7 ile ile ya linoleiki lakini likaongezewa EPA na DHA hadi gramu 1.5 kwa siku. Kundi la tatu, nalo watu 61, lilipata gramu 1.5 hizo hizo za samaki na papo hapo likashusha linoleiki hadi asilimia 1.8 au chini.

Asilimia hazipikiki, kwa hiyo tuzigeuze. Kwa mtu anayekula kilokalori 2,000 kwa siku, asilimia 7 ni kama gramu 15 na nusu za asidi linoleiki. Asilimia 1.8 ni gramu 4. Sasa chukua kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kawaida ya alizeti: ni gramu 14 za mafuta, na karibu gramu 9 kati ya hizo ni asidi linoleiki. Kijiko kimoja tu, na tayari umepita zaidi ya mara mbili ya kiwango cha siku nzima cha kundi la tatu. Konzi ya karanga ya gramu 30 nayo inakipita. Ngozi ya kuku wa kisasa, mkate wenye majarini, mayonezi, chipsi: vyote vinachangia. Kundi la tatu lilikuwa linafuata lishe kali, isiyowezekana kwa mtu kuamua asubuhi tu kwamba leo atakula vizuri.

Ndiyo maana utafiti uliwapa chakula. Washiriki wote, wa makundi yote matatu, walipewa vyakula na mafuta yaliyotosha theluthi mbili ya nishati yao ya kila siku, wakakutana mara kwa mara na mtaalamu wa lishe, na wakajaza shajara ya kielektroniki kila siku kuhusu saa za maumivu na ukali wake. Kadiri ilivyowezekana, walifichwa wamepangwa lishe ipi. Nasema kadiri ilivyowezekana kwa sababu samaki hafichiki mdomoni kama kidonge.

Matokeo yaliyogawanyika

Watafiti walitangaza mapema vipimo vikuu viwili. Kimoja cha damu: je, 17-HDHA itapanda? Kingine cha maisha: dodoso la maswali sita liitwalo HIT-6, ambalo humwuliza mgonjwa ni mara ngapi kichwa kimemzuia kufanya kazi zake, kimemtamanisha kulala, kimemchosha, kimemuudhi, kimemnyima umakini, na maumivu huwa makali mara ngapi. Alama huanzia 36 hadi 78, na kuanzia 60 huhesabiwa kuwa athari kali.

Cha damu kilipanda, katika makundi yote mawili ya samaki. Cha maisha hakikupita mtihani. Kundi la tatu lilishuka kwenye HIT-6 kwa pointi 1.6 zaidi ya kundi la ulinganisho, lakini hesabu za kitakwimu zilionyesha kwamba tofauti halisi ingeweza kuwa popote kati ya kushuka pointi 4.2 na kupanda pointi 1. Kundi la pili halikutofautiana sana na hilo. Kwa lugha ya utafiti, hakuna kilichothibitishwa. Dawa mpya ikifika kwa mdhibiti na matokeo hayo kwenye kipimo chake kikuu, huambiwa irudi nyumbani.

Halafu kuna shajara. Ukilinganisha na kundi la kawaida, waliokula samaki bila kugusa omega-6 walipungukiwa na siku 2 za maumivu kwa mwezi. Waliokula samaki na kupunguza omega-6 walipungukiwa na siku 4. Saa za maumivu kwa siku zilipungua kwa 1.3 na 1.7. Hapa takwimu hazikuwa na kigugumizi: kwa siku 4 zile, kadirio la chini kabisa lilikuwa siku 2.7 na la juu siku 5.2. Ukiyalinganisha makundi mawili ya samaki yenyewe kwa yenyewe, kupunguza omega-6 kuliongeza nafuu ya siku 2 nyingine.

Tuamini kipi? Wapo wanaosema kwamba kipimo kikuu kikishindwa, mengine yote ni mapambo, na sababu yao ni nzuri. Ukipima vitu vingi, kimoja wapo kitang'aa kwa bahati tu. Ndiyo maana mtafiti hulazimishwa kuchagua kabla. Lakini nadhani hapa hoja hiyo haitoshi. HIT-6 humtaka mtu ajibu kwa maneno ya jumla: kamwe, mara chache, wakati mwingine, mara nyingi sana, daima. Aliyekuwa akiumwa siku 16 na sasa anaumwa 12 bado anaweza kujibu kwa uaminifu kabisa kwamba ni mara nyingi sana. Kichwa kinachokuja siku 12 bado kinaharibu kazi na bado kinamtia mtu hasira siku kinapokuja. Shajara huona siku nne zilizookoka, dodoso halizioni.

Kinachonishawishi zaidi ni mpangilio. Kundi la kawaida, kisha samaki, kisha samaki na mafuta yaliyobadilishwa: nafuu inapanda ngazi kwa ngazi. Kama siku zilizopungua zingekuwa kazi ya matumaini tu, mtu aliyekuwa akila samaki aina ile ile katika kundi la pili angetarajia nafuu sawa na yule wa kundi la tatu. Hakuipata. Na ukiunganisha na jaribio la 2013, majaribio haya mawili yanajibizana: la kwanza liliweka omega-6 chini kwa wote na kubadilisha samaki, la pili liliweka samaki juu kwa makundi mawili na kubadilisha omega-6. Kote kuwili, vyote viwili pamoja vilishinda kimoja peke yake.

Lakini huo huo mpangilio unaleta fumbo ambalo habari za magazeti hazikuligusa. Ile 17-HDHA ilipanda karibu sawasawa katika makundi yote mawili ya samaki. Nafuu haikuwa sawa. Kwa hiyo zile siku 2 za ziada haziwezi kuelezwa na kemikali ambayo jaribio zima lilijengwa juu yake. Lazima kuna jambo lingine ambalo kupunguza asidi linoleiki hufanya. Mtuhumiwa wa wazi ni ile njia ya pilipili, mabaki ya linoleiki iliyooksidishwa, lakini jaribio hili halikutoa hukumu.

Siku 4 ni nyingi au chache? Dawa mpya za sindano zinazozuia CGRP, protini inayohusika na kipandauso, hupunguza siku moja hadi mbili na nusu hivi kwa mwezi zaidi ya sindano bandia. Ulinganisho huo hunukuliwa sana na wapenzi wa lishe, nami nauweka hapa kwa tahadhari. Sindano bandia humdanganya mgonjwa vizuri, sahani ya chakula haimdanganyi vizuri. Majaribio ni tofauti, wagonjwa ni tofauti. Inatosha kusema kwamba siku 4 si kitu cha kudharau kwa mtu mwenye 16.

Mtu aliyepekua makabati

Ramsden hakuingia kwenye suala hili akiwa hana upande. Huyu ndiye aliyefukua takwimu za zamani za majaribio mawili ya moyo zilizokuwa zimekaa bila kuchapishwa kikamilifu. La Sydney lilihusu wanaume 458 waliokuwa wamepata tatizo la moyo. Waliobadilishiwa mafuta ya wanyama kwa mafuta ya mbegu yenye linoleiki nyingi walikufa zaidi, asilimia 17.6 dhidi ya 11.8. La Minnesota lilihusu watu 9,423. Mafuta ya mahindi yalishusha kolesteroli, lakini vifo havikupungua. BMJ ilichapisha uchambuzi wa kwanza mwaka 2013 na wa pili mwaka 2016, na ugomvi uliofuata haujaisha.

Upande wa pili wa ugomvi huo una uzito wake. Chama cha Moyo cha Marekani kilishauri mwaka 2009 kwamba omega-6 iwe asilimia 5 hadi 10 ya nishati, kwa sababu ushahidi mwingine mwingi unaonyesha kwamba kuondoa siagi na mafuta ya nyama na kuweka mafuta ya mbegu hushusha kolesteroli mbaya na kupunguza magonjwa ya moyo. Wanaotetea linoleiki huongeza kwamba majaribio yale ya zamani yalikuwa na kasoro zake. Sina haja ya kuwaamulia hapa. Ninachotaka mgonjwa wa kichwa akione ni kwamba lishe iliyomshushia mwenzake siku 4 iko chini sana ya kiwango ambacho madaktari wa moyo hupendekeza, na ilijaribiwa kwa wiki 16, si kwa miaka 16.

Hoja nyingine ya Ramsden na wenzake ni ya kihistoria, na hiyo ni ngumu kuipinga. Mwaka 1909 asidi linoleiki ilikuwa asilimia 2.8 hivi ya nishati iliyopatikana katika chakula cha Wamarekani. Kufikia 1999 ilikuwa 7.2, hasa kwa sababu ya mafuta ya soya. Kwa maana hiyo lile kundi la ulinganisho halikuwa likila chakula cha tangu enzi. Lilikuwa likila matokeo ya karne moja ya viwanda vya mafuta.

Kwenye magoti hali ni nyingine

Msomaji anayeumwa magoti atauliza kama na yeye ahame. Ushahidi wake ni dhaifu zaidi. Kwa baridi yabisi ya uvimbe, ukusanyaji wa majaribio 17 uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba omega-3 kwa miezi mitatu hadi minne hupunguza maumivu, ugumu wa viungo asubuhi na matumizi ya dawa za maumivu. Kwa magoti yaliyochakaa kwa umri, jaribio kubwa la Marekani lililowapa wazee gramu moja ya omega-3 kwa siku halikuona nafuu. Huko Australia jambo la ajabu lilitokea: baada ya miaka miwili, waliopewa dozi ndogo ya mafuta ya samaki walikuwa na maumivu machache kuliko waliopewa dozi kubwa mara kumi. Karibu majaribio yote haya yaliongeza kidonge au kijiko cha mafuta ya samaki juu ya chakula cha kawaida. Hakuna aliyegusa chupa ya mafuta ya kupikia. Baada ya kusoma kisa cha Chapel Hill, mtu anaona pengo hilo mara moja.

Jikoni kwetu

Ukiviweka vyakula vya kundi la tatu mezani, mtu wa Pwani atajiona nyumbani. Nazi ina asidi linoleiki kama asilimia 2 tu ya mafuta yake, na samli nayo iko chini. Mchuzi wa samaki wa nazi, wali wa nazi na kibua wa kuchoma ni mlo ambao mtaalamu wa lishe wa Chapel Hill angeupitisha bila kusita. Kama jaribio hili lingerudiwa Kilwa au Lamu, ugumu ungekuwa kumpata wa kundi la ulinganisho: nani atakubali wiki 16 bila samaki?

Bara mambo ni tofauti. Singida na Dodoma ni nchi ya alizeti, kanda ya Ziwa ina mafuta ya pamba, na yote mawili yana linoleiki nyingi, zaidi ya nusu ya mafuta yenyewe. Mawese yako katikati, asilimia 10 hivi, na mafuta ya mawese yaliyosafishwa ndiyo yaliyomo katika madumu mengi yanayoagizwa kutoka Asia. Watu wengi hawajui dumu lao lina mafuta gani. Soma lebo kabla ya kuamua lolote, maana huenda uko chini kuliko unavyodhani, au juu.

Samaki naye si jina moja. Sadini ana kama gramu moja ya EPA na DHA kwa kila gramu 100, kwa hiyo gramu 150 zinakufikisha kwenye kiwango cha jaribio. Sato wa kufugwa ana kidogo sana: ungehitaji zaidi ya kilo moja kwa siku. Changu yuko katikati, karibu zaidi na sato. Samaki wadogo wenye mafuta ndio wa kutafutwa, na bahati nzuri ndio wa bei nafuu. Lakini ukiwazamisha kwenye karai la mafuta ya alizeti, umeongeza upande mmoja na kuujaza mwingine. Mbele ya karai hilo, jaribio lako limegeuka kuwa lile la kundi la pili. Bado lina siku zake 2, usisahau.

Kwa mwenye ugonjwa wa moyo au kolesteroli mbaya, kuhamia nazi na samli kila siku si shauri la kujipa mwenyewe. Njia ya wastani ni mafuta yenye linoleiki kidogo ambayo pia hayajazi mafuta magumu, kama ya zeituni au parachichi, na kuchemsha, kuchoma au kupika kwa mchuzi mahali pa kukaanga. Bei ya zeituni naijua. Ndiyo maana kubadilisha namna ya kupika kuna maana kuliko kubadilisha chupa.

Kabla ya chupa yenyewe, hesabu vidonge. Anayemeza parasetamoli au diklofenaki siku 15 au zaidi kwa mwezi, au dawa za mchanganyiko siku 10 au zaidi, kwa miezi zaidi ya mitatu, anaweza kuwa na maumivu yanayoletwa na dawa zenyewe, na kwa kuwa vidonge hivi hununuliwa duka la dawa bila cheti, wengi hawajawahi kuulizwa. Hapo usitegemee samaki peke yake: kwanza dawa zipunguzwe kwa msaada wa daktari. Kichwa kilichoanza ghafla kwa ukali usio wa kawaida, au kinachokuja na udhaifu wa upande mmoja, homa na shingo kukakamaa, kipelekwe hospitali leo hii.

Anayetaka kujaribu aanze na shajara mwezi mmoja kabla hajabadilisha chochote, aandike siku na saa, kisha abadilishe samaki na mafuta kwa pamoja na asubiri. Wiki mbili hazimwambii kitu: mafuta yaliyojengwa ndani ya seli huondoka taratibu, na kichwa kina misimu yake. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwambie daktari kabla ya kuongeza vidonge vya mafuta ya samaki kwa dozi kubwa. Samaki wa mchuzi ni jambo jingine. Na akiulizwa baada ya wiki 16 kama amepona, asishangae akijikuta anajibu hapana huku shajara yake ikionyesha siku 12 badala ya 16.